Atropini, skopolamini na kokeini: ukoo mmoja, tabia tofauti

Swali: "Shikamoo Daktari. Ninasomea uuguzi. Tumefundishwa kwamba atropini, dawa anayopewa mtu aliyekunywa sumu ya wadudu, asili yake ni mimea yenye sumu kama mnanaha (Datura). Halafu nikasoma kwamba kokeini nayo ni alkaloidi ya kundi hilohilo. Nimechanganyikiwa. Kundi moja linawezaje kutoa dawa ya kuokoa, sumu ya kuua na dawa ya kulevya? Na kama atropini imo ndani ya mnanaha, kwa nini mgonjwa wa sumu asipewe majani yake pale hospitali inapokuwa mbali?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na mwisho wa swali lako, maana ndio unaoweza kugharimu maisha ya mtu. Hapana. Mgonjwa wa sumu asipewe majani wala mbegu za mnanaha, hata hospitali iwe mbali kiasi gani. Sababu nitazitoa, ila hazitashika vizuri mpaka kwanza tuzitazame molekuli zenyewe na kazi zinazofanya mwilini.

Alkaloidi ni kemikali za asili zenye nitrojeni, na nyingi hutengenezwa na mimea. Morfini ni alkaloidi, kwinini ni alkaloidi, kafeini ya kahawa nayo ni alkaloidi, na kila moja ina njia yake mwilini. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kitu fulani ni alkaloidi, bado hujaambiwa kinafanya nini. Wanakemia huzigawa kwa kufuata kiunzi chake, na kundi unaloliuliza ni la tropani: pete ya kaboni 7, na atomu ya nitrojeni iliyopita katikati ikaunganisha pande zake mbili. Alkaloidi zenye kiunzi hiki zinazofahamika zimezidi 200. Mashuhuri ni hiosiamini, atropini, skopolamini na kokeini.

Hapa ndipo utata wako unapoanzia. Umechukulia kwamba tabia ya dawa imo kwenye kiunzi, kwa hiyo wenye kiunzi kimoja wafanane tabia. Sivyo. Kiunzi cha tropani kikiwa peke yake hakina nguvu ya kutajika. Nguvu inatokana na vilivyoshikizwa juu yake, vimeshikizwa kwenye kaboni ipi, na vimeelekea upande gani. Katika atropini, asidi ya tropiki imeungana na kaboni ya 3 upande mmoja wa pete. Katika kokeini, asidi ya benzoiki imeungana na kaboni hiyohiyo ya 3, lakini imeelekea upande wa pili, na kwenye kaboni ya jirani kuna kikundi kingine cha esta ambacho atropini haina.

Huwa napenda kuwaandikia wanafunzi fomula moja ubaoni: C17H21NO4. Nawauliza ni ya nini. Anayesema skopolamini amepata, na anayesema kokeini amepata pia. Molekuli hizi mbili zina atomu zilezile, kwa idadi ileile, na uzito uleule. Moja humfanya mtu asinzie na kusahau, nyingine humkesha. Kinachozitofautisha ni mpangilio tu, na mpangilio ndio unaoamua molekuli itaingia kwenye protini ipi ya mwili.

Sasa tuzifuate humo mwilini. Neva nyingi huwasiliana na viungo kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo hupokewa na protini zilizo juu ya seli, yaani vipokezi, ambavyo ni vya namna mbili: vya muskarini na vya nikotini. Vya muskarini vipo kwenye moyo, tezi za mate na jasho, misuli ya utumbo na ya njia za hewa, kibofu, jicho na ubongo. Vya nikotini vipo, pamoja na kwingineko, kwenye misuli tunayoiamrisha wenyewe, ikiwemo ile ya kupumulia. Atropini hukalia vipokezi vya muskarini tu, vya aina zote 5, na haiviamshi. Ni kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha karani bila kufanya kazi ya karani: mwenye kiti akija anakuta pamejaa. Lakini wenye kiti wakija wengi kwa pamoja wanaweza kumsukuma, ndiyo maana tunasema atropini inashindana na asetilikolini, haiharibu kitu.

Ukilielewa hilo, huna haja ya kukariri dalili. Tezi za mate hazipokei amri, kinywa kinakauka. Tezi za jasho zinanyamaza, ngozi inakuwa kavu, nyekundu na ya moto, na joto la mwili linapanda. Neva iliyokuwa ikiutuliza moyo haisikiki, mapigo yanakwenda mbio. Mboni ya jicho inapanuka na jicho linashindwa kusoma vya karibu. Utumbo unalala, mkojo unakwama. Kiasi kikizidi, ubongo nao unaingia: mgonjwa anaweweseka, anazungumza na watu wasiokuwepo, anachomoachomoa nyuzi hewani ambazo wewe huzioni. Mwaka 1676 askari wa Kiingereza waliotumwa Jamestown, Virginia, walikula majani ya mnanaha wakidhani ni mboga, na simulizi lililoandikwa karibu miaka 30 baadaye linasema walikuwa kama wendawazimu kwa siku 11, wakazinduka bila kukumbuka lolote.

Tuje kwenye sumu ya wadudu. Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti hushika kimeng'enya cha kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuivunja asetilikolini ikishatumika. Kikishikwa, asetilikolini inarundikana. Mgonjwa anatokwa mate, machozi na jasho, anatapika, anaharisha, mboni zinasinyaa, moyo unapunguza mwendo, na mapafu yanajaa majimaji. Majimaji hayo, pamoja na kulemaa kwa misuli ya kupumulia, ndiyo yanayoua. Atropini inarudi kwenye viti vyake na kuzuia rundo hilo lisisikike.

Zingatia kipimo chake. Mtu mzima mwenye afya akipewa miligramu 10 za atropini anaweza kuweweseka vibaya. Aliyekunywa oganofosfeti nyingi anaweza kuhitaji makumi ya miligramu kabla mapafu hayajakauka. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa wa damu, kisha kipimo hurudiwa kikiwa mara mbili ya kile kilichotangulia kila baada ya dakika 5 hivi, huku mtu ameweka stethoskopu kifuani anasikiliza. Tunachokitafuta ni kifua kikavu, mapigo yanayotosha na shinikizo la damu linaloshika. Mboni za macho zisikupoteze. Zinaweza kuchelewa kubadilika, na wapo waliosimamisha dawa mapema au kuizidisha kwa kuzitazama zenyewe tu. Na kumbuka kwamba atropini haigusi vipokezi vya nikotini. Misuli ikilemaa, hakuna kiasi cha atropini kitakachoiamsha. Mgonjwa atahitaji kusaidiwa kupumua. Ipo pralidoksimu, inayojaribu kukibandua kiuatilifu kutoka kwenye kimeng'enya, na ipo diazepamu kwa degedege, lakini kazi ya kukausha mapafu ni ya atropini.

Hapo utaona kwa nini majani hayafai. Matibabu yote yanategemea kuongeza dawa kidogo kidogo kwa kipimo kinachojulikana, kwenye mshipa, na kuona jibu lake ndani ya dakika chache. Jani halina kipimo. Kiasi cha alkaloidi hubadilika kati ya mmea na mmea, kati ya jani na mbegu, kati ya mmea mchanga na uliokomaa, hata kwenye shina moja. Linapitia tumboni, ambako mgonjwa huyo anatapika, na akitafunishwa huku fahamu zinapungua anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Tena hiosiamini, alkaloidi kuu ya mnanaha, inaulaza utumbo, kwa hiyo mbegu hubaki humo zikiendelea kutoa sumu kwa saa nyingi. Juu ya yote, ndani ya jani hamna atropini peke yake. Kuna skopolamini, inayopenya zaidi kwenye ubongo, na yeye tayari ubongo wake uko taabani. Ukimtafunisha, umempa sumu ya pili juu ya ya kwanza, na muda wa kumfikisha hospitali umeuteketeza.

Kwa kweli mmea wenyewe hutengeneza hiosiamini zaidi kuliko atropini. Hiosiamini ni molekuli ya mkono mmoja, kwa lugha ya kemia: inayo pacha yake iliyogeuzwa kama taswira ya kioo. Wakati wa kuikamua kutoka kwenye mmea, sehemu yake hujigeuza, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa mapacha hao ndio tunaouita atropini. Pacha wa pili karibu hafanyi kitu kwenye vipokezi vya muskarini. Kwa maneno mengine, nusu ya atropini unayoidunga ni abiria.

Skopolamini imetofautiana na hiosiamini kwa daraja dogo la oksijeni kati ya kaboni ya 6 na ya 7. Kimeng'enya kimoja tu ndani ya mmea ndicho kinachoiweka oksijeni hiyo. Mabadiliko hayo madogo huifanya ipite kirahisi kwenda kwenye ubongo, ambako badala ya kuchangamsha mara nyingi huleta usingizi na kufuta kumbukumbu. Kwa kipimo kidogo sana hutuliza kichefuchefu cha safari. Wengi huitumia kama kibandiko nyuma ya sikio kinachofanya kazi siku 3. Uovu wa wanaowatilia watu skopolamini kwenye vinywaji ili wawaibie unatokana na tabia hiyohiyo ya kufuta kumbukumbu.

Kokeini haishughuliki na viti vya muskarini hata kidogo kwa namna ya kukuhangaisha. Inafanya mambo mawili. La kwanza, inaziba njia za sodiamu kwenye neva, habari ya maumivu isisafiri. Hiyo ndiyo ganzi. Mwaka 1884 daktari wa Vienna, Carl Koller, alionyesha kwamba tone lake kwenye jicho linaruhusu upasuaji wa jicho bila maumivu. La pili, inazuia neva zisirudishe ndani dopamini, noradrenalini na serotonini zilizomwagwa. Hapo ndipo raha, uraibu, na hatari kwa moyo vinapotoka. Wanakemia waliitaka ganzi bila uraibu, na mwaka 1905 ikaja prokaini, iliyoachana na kiunzi cha tropani kabisa na kubakiza sehemu chache zinazofanana na za kokeini. Ganzi ikabaki. Sijui hoja nyingine inayoonyesha wazi kuliko hiyo kwamba kiunzi si mwenye kesi.

Jambo la kukusaidia wodini: kokeini na atropini zote hupanua mboni na kukimbiza moyo, kwa njia mbili tofauti. Mgonjwa akiletwa amechanganyikiwa, mboni zimepanuka, mapigo juu, gusa kwapa. La atropini ni kavu, la kokeini lina jasho. Sikiliza na tumbo. Lililolala kimya linaelekeza kwenye mnanaha.

Kuhusu ukoo wenyewe, hapa kuna jambo ambalo vitabu vya zamani havikuwa nalo. Mnanaha, beladona na mandragora ni wa jamii ya nyanya, viazi na tumbaku. Mkoka, mmea unaotoa kokeini, ni wa jamii nyingine kabisa, iliyo mbali nayo sana. Wote wawili huanza na asidi amino za kawaida, kisha wanapita kwenye kemikali ndogo yenye pete ya nitrojeni, ileile ambayo tumbaku huitumia kutengeneza nikotini. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hatua muhimu ya kuunda tropani hufanywa na vimeng'enya vya familia tofauti katika mimea hii miwili. Mkoka hutengeneza kokeini yake kwenye majani machanga; mnanaha hutengeneza hiosiamini mizizini, ikapanda kwa maji hadi majani. Kila upande umevumbua tropani kivyake. Kwa hiyo hata ule undugu uliokusumbua ni wa umbo, si wa nasaba.

Habari ya mizizi ina somo lake. Ukipandikiza tawi la nyanya juu ya shina la mnanaha, nyanya hiyo hujaa alkaloidi. Ukifanya kinyume, tawi la mnanaha juu ya shina la nyanya, majani ya mnanaha hubaki karibu bila kitu. Wapo wapenda bustani waliojaribu la kwanza kwa kuwa mnanaha una mizizi imara. Usiige.

Mmea unazihitaji alkaloidi hizi za nini? Kwa kadiri tunavyoelewa, ni ulinzi dhidi ya wanaoutafuna. Ulinzi huo hauzuii wote: viwavi wa nondo wa jenasi ya Manduca hula majani ya mnanaha bila kudhurika, na nondo haohao wakikomaa huyachavusha maua yake usiku. Baadhi ya sungura wana kimeng'enya kwenye damu kinachovunja atropini, kwa hiyo hula beladona na kuendelea na shughuli zao. Kwa hiyo usipime usalama wa mmea kwa kuona mnyama anaula.

Binadamu hudhurika zaidi kwa kutojua kuliko kwa makusudi. Mbegu za mnanaha huota pamoja na mazao shambani, huvunwa nayo, na husagwa nayo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa lishe uliogawiwa kama msaada. Vipimo vilikuta alkaloidi za tropani ndani yake. Kupika hakuziondoi kwa uhakika. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2013 kikomo cha mikrogramu 0.016 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa jumla ya hiosiamini na skopolamini. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni chini kidogo ya mikrogramu 1.

Kwenye dawa, kazi kubwa ya miaka mia moja iliyopita imekuwa kuchukua nguvu ya atropini na kuiwekea mipaka. Katika karne ya 19 wagonjwa wa pumu Ulaya walivuta sigara za mnanaha, desturi waliyoipata kutoka India. Zilifungua njia za hewa kweli, na zikawapa pia mapepo ya ubongo. Wanakemia wakaongeza kikundi kimoja kwenye nitrojeni ya tropani ili ibaki na chaji ya umeme wakati wote. Molekuli yenye chaji ya namna hiyo haipiti kirahisi kwenye utando unaolinda ubongo. Hivyo tukapata ipratropiamu na tiotropiamu za kuvuta kwa mdomo, na butili-skopolamini ya msokoto wa tumbo. Atropini yenyewe imebaki kwa sumu za oganofosfeti, kwa moyo uliopunguza mwendo, na kwa matone ya macho. Kwa jicho la kawaida tone la asilimia 1 linaweza kuiacha mboni imepanuka kwa wiki moja hadi mbili, ndiyo maana kwa uchunguzi wa kawaida hutumika dawa ya muda mfupi zaidi. Kwa kipimo kidogo sana, asilimia 0.01 hadi 0.05, hujaribiwa kupunguza kasi ya watoto kuzidi kushindwa kuona vitu vya mbali. Siku hizi hata mmea si lazima: mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti hamira iliyobadilishwa vinasaba inayotengeneza hiosiamini na skopolamini kutoka kwenye sukari.

Bado hujauliza, ila utakutana nalo: mtu aliyekula mnanaha anatibiwaje? Wengi huhitaji uangalizi tu: wapozwe, wawekewe maji, wapewe diazepamu wakihangaika, mkojo uliokwama utolewe kwa mpira, moyo ufuatiliwe. Usiwape dawa za kutuliza zenye tabia ya kukausha kinywa, kama zile za zamani za mzio, maana utaongeza moto. Kwa walio na hali mbaya ipo fisostigmini, alkaloidi ya haragwe la Calabar la Afrika Magharibi, ambayo daktari wa Prague alimpa mtu aliyedhurika na atropini tangu mwaka 1864. Hufanya nini? Hushika kolinesterasi, kimeng'enya kilekile kinachoshikwa na sumu ya wadudu, isipokuwa yenyewe hukiachia baada ya muda. Asetilikolini inaongezeka na kumsukuma atropini kwenye kiti. Hutolewa polepole, mahali penye kifaa cha kuonyesha mapigo ya moyo, na atropini ikiwa tayari kwenye sindano pembeni endapo mambo yatageukia upande wa pili.